Nani Kaupika Mtandao Wetu?

Nilifunua sufuria ya mama mkwe nikakuta WiFi.

Sitanii. Sufuria kubwa, imepinduliwa juu ya meza chumbani kwake, waya umetokeza pembeni kama mkia wa panya. Chini yake kiboksi cha mtandao kinapepesa taa.

Ilianza hivi.

Nyumba yetu ni ya ghorofa: mama mkwe chini, mimi na mke wangu katikati, binti yetu juu kabisa. Waya wa mtandao unaingilia dirishani kwa mama mkwe, kwa hiyo kiboksi kinakaa kwake.

Huku juu, ikifika mchana mtandao unakata roho. Binti aliwahi kufanyiwa usaili wa kazi kwa video, picha ikaganda yuko mdomo wazi kama anataka kupiga chafya. Kazi ikaota mbawa.

Siku hiyo ya sufuria alikuwa na usaili mwingine saa tisa.

"Baba, leo nikiganda tena, nahama hii nyumba!"

Nikanunua kifaa cha kuongeza nguvu za mtandao, nikakichomeka kwenye ngazi. Kikawaka taa nyekundu. Nikampigia fundi.

"Mzee, hicho kinachota chini kinapakua juu. Chini kukiwa na njaa, kitapakua nini? Kaangalie kiboksi chenyewe. Kinataka mahali pa wazi."

Nikaangalie wapi? Chumbani kwa mama mkwe! Mwanaume mzima niende kupekua meza yake?

Nikabisha hodi, jasho linanitoka.

"Pita, mkwe wangu."

Ndipo nikaiona hiyo sufuria.

"Mama, hii ni nini?"

"Nalinda dari yangu."

"Dari?"

"Siku moja nilikifunika kisiingie vumbi. Kelele za juu zikakoma papo hapo. Nikasema, kumbe dawa ndiyo hii! Tangu hapo kila mchana nafunika."

"Kelele gani?"

"Mkeo si anaruka? Anawasha video ya mazoezi, moja mbili, moja mbili, mpaka vumbi la dari linaingia kwenye chai yangu."

Nikacheka. "Mama, yule haruki. Mgongo unamsumbua. Kila mchana analala, mimi naosha vyombo uani na kupiga deki ngazi."

Akanitazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Mgongo huo nimeuzaa mimi. Hauna kitu."

Nikaondoa sufuria. Hata sijafika mlangoni, dari ikaanza: du! du! du!

Nikapanda ngazi mbilimbili. Mke wangu yuko katikati ya chumba, goti limefika kidevuni.

"Mume wangu... kumbe mtandao umerudi?"

"Na mgongo umepona. Zima hiyo, mtoto anasailiwa!"

Akazima. Akakaa kitandani, ghafla akakumbuka kushika kiuno.

"Usijisumbue," nikamwambia. "Mama ameshasema."

Tukakaa tunasikiliza sauti ya binti juu. Haikukatika hata mara moja. Mara miguu ikashuka mbio.

"Baba! Wamesema nianze Jumatatu!"

Sasa kiboksi kimepigiliwa ukutani, katikati ya ngazi. Mazoezi yamehamia uani. Vyombo tunaosha kwa zamu, na zamu ya mke wangu imeanza na malimbikizo.

Ndugu yangu, WiFi ikikusumbua nyumbani, usikimbilie dukani. Weka kiboksi mahali pa wazi, palipoinuka, katikati ya nyumba. Kikigoma bado, shuka ukamuulize anayekaa chini yako: huwa tunakukanyaga saa ngapi?