Mazishi ya Mmezavisima

Sisi tuliokulia Gulwe, enzi zile honi ya treni ndiyo iliyotuambia kama tumechelewa shule, tuliijua kiu kwa jina. Kiangazi kikishika, mto ulibaki mchanga mtupu, na kina mama walichimba humo visima vifupi kwa mikono na vibuyu. Maji yalijitokeza polepole, yananukia udongo, na sisi watoto tulikaa pembeni kulinda zamu huku tukicheza mdako kwa kokoto za reli. Ukinogewa na rede ukasahau zamu, ulirudi na ndoo tupu, na mama yangu hakuwa na maneno mengi: "Haya, leo tutapikia mate yako." Jioni ilikuwa ugali wa uwele na mlenda, mikono yote kwenye sahani moja. Watoto wa leo mlenda wanaupiga picha kwanza, kisha wanaagiza chipsi.

Ndiyo maana baba yangu alipotaka kutunga adui wa kututisha, hakuhangaika na mazimwi ya mbali. Baba, Mwalimu Ndahani, alifundisha shule ya msingi palepale Gulwe, na kila likizo alikaa ukumbini na mashine yake ya chapa iliyopiga kelele kuliko ya kusaga. Aliandika riwaya tatu nyembamba. Zilichapwa mjini Dodoma, zikasomwa mpaka zikabaki bila majalada. Kulikuwa na Bibi Vumbi, kikongwe aliyefagia vumbi likapofusha macho ya watu. Kulikuwa na Joka la Relini, lililojifanya behewa ili abiria wapande wenyewe. Lakini mkubwa wao alikuwa Mmezavisima, jitu lenye tumbo kama tangi la stesheni, lililopita kijiji hadi kijiji likinyonya visima vyote na kuviacha vikavu.

Mmezavisima alikuwa mtu kweli. Alikuwa Mzee Mihayo, Mnyamwezi aliyeletwa Gulwe na kazi ya kutengeneza njia ya reli, akaoa, akabaki. Mnyamwezi na Mgogo ni watani, na hawa wawili hawakuuacha utani wao upate kutu. Baba angemkuta pale stesheni kati ya wauza mayai na karanga, ampigie kelele, "Wewe mpagazi, mzigo umeuacha wapi?" Naye angejibu bila kugeuka, "Nimemwachia ombaomba mmoja, naona ameshauvaa," akilikodolea macho shati la baba. Siku ya kuchora picha ya kitabu, baba alimkalisha kwenye kigoda uani kwetu akamchora vilevile alivyo: tumbo lile, pengo la meno ya mbele, kovu juu ya nyusi. Nilidhani atakasirika. Alitembea na nakala yake akiwaonyesha abiria madirishani: "Huyu ni mimi. Hawa Wagogo nimewanywea maji yote!"

Na jinsi Mmezavisima alivyokuwa akishindwa, nani kati yetu amesahau? Hakupigwa mkuki wala mshale. Alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kuacha tusi la mtani lipite bila jibu. Msichana mdogo wa hadithi, Mbula, alisimama mbele yake akamtania, na jitu lilipofumbua kinywa kujibu, visima vyote vikamwagika. Basi lilikufa. Kisha Mbula yuleyule aliyeliua alivaa kofia ya jitu, akaingia kaburini mwake, akaigiza linavyotembea na linavyokunywa, mpaka wafiwa wakacheka wakiwa na machozi. Na katika kitabu kilichofuata jitu lilirudi, kwa sababu lilikuwa na jibu ambalo halijalitoa.

Tulimwogopa kwa raha. Akipita, watoto wenzangu walimrushia maneno, naye alivimbisha mashavu kama anayebana maji, wakakimbia wakicheka. Mimi nilikuwa mwoga. Nilisema "Shikamoo babu," nikajificha nyuma ya gauni la mama. Aliniambia siku moja, "Mgogo gani wewe, hata kunitukana hujui?" Sikumjibu, na sikuwahi kumjibu miaka yote niliyokua.

Baba alipofariki, ndipo nilipojua utani ni kitu gani. Tulikuwa tumesimama makaburini, mama ameshikiliwa na watu, jua linatuchoma, hakuna anayeweza hata kuimba. Mzee Mihayo akatokea amevaa koti la baba na miwani ya baba, ana chaki mkononi. Akashuka kaburini akaanza kuita mahudhurio ya waombolezaji. "Wewe umechelewa, piga magoti! Wewe kandambili shuleni, nani kakufundisha?" Sauti ilikuwa ya baba, na kile kikohozi cha baba kabla ya kukemea. Mama alicheka. Alicheka akalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Siku ile nilimpenda yule mzee kuliko ndugu zangu wengi.

Sasa niwaambie kilichoninyima raha mwaka huu. Siku hizi naishi Miyuji, na binti yangu Pendo amesomea mambo ya kompyuta chuoni hapahapa Dodoma. Yeye na wenzake wanatengeneza gemu la kwenye simu kutokana na riwaya za babu yake. Aliponiomba ruhusa nilifurahi mno, nikaenda kumtolea kile kitabu chenye picha. Nani asingefurahi? Niliona baba yangu anafufuka mikononi mwa watoto wasiosoma chochote kirefu kuliko ujumbe wa simu.

Gemu lilipokuwa tayari kwa majaribio, Pendo alinikalisha sebuleni akanionyesha. Joka la Relini walilipatia, hata magurudumu yalinitisha. Bibi Vumbi nilimkuta amekuwa msichana mrembo, kiuno cha nyigu, upanga mkononi, viatu virefu katikati ya vumbi. Nikamuuliza kikongwe kaenda wapi. "Mama, hakuna anayetaka kupigana na bibi kizee," akasema. Nikacheka, nikadhani nimeshayaona yote.

Kisha akaja Mmezavisima, na kicheko kikaniishia. Uso ulikuwa wa Mzee Mihayo. Walikuwa wameutoa kwenye mchoro wa baba wakautengeneza upya kwa kompyuta: pengo lile, kovu lile, mpaka mikunjo ya shingo. Ila hakuwa anacheka. Alinguruma. Na walikuwa wamempa macho mekundu, mekundu ya damu. Hakusema neno hata moja. Ulimpiga mishale mpaka alama ya uhai wake ikaisha, akapasuka moshi na sarafu zikamwagika.

"Kwa nini macho mekundu?" nikauliza.

"Bosi, yaani adui wa mwisho, lazima atishe, Mama. Bila hayo macho anaonekana kama babu wa mtu."

"Ni babu wa mtu! Mzee Mihayo yuko hai, Pendo. Yuko Gulwe, peke yake kwenye nyumba yake."

Akaniangalia. Yeye alidhani ni jitu tu la kwenye kitabu. Na mzee mwenyewe kwa umri wake, baada ya miaka yote ya vumbi la reli na moshi wa jikoni, macho yake kweli yamekuwa mekundu. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Tunajua mzee anayeishi peke yake, macho yakiwa hivyo, huanza kunong'onwa kuwa ni mchawi, na tunajua maneno hayo huishia wapi.

Nikamwambia alifute, lakini lilikuwa limeshatoka. Wenzake walikuwa wamelirusha kwenye makundi ya simu, na kwa sababu liliitaja Gulwe, watu wa Gulwe walilipokea kabla ya wote. Haukupita muda, mdogo wangu Yohana, anayeishi kulekule, akapiga. Watoto wanamkimbia Mzee Mihayo, akasema, na si kwa kucheka. Mama mmoja alimvuta mwanawe kutoka kisimani mzee alipofika na ndoo yake. "Na mwaka huu mvua imegoma, dada. Kuna watu wanaulizana visima vimekaukaje. Wanaanza kwa mzaha, lakini wanavyomaliza sipendi." Kabla hajakata simu akaongeza: "Mwenyewe ameshasikia. Anataka aonyeshwe."

Sikulala vizuri tena. Niliota macho yale. Nikamwambia Pendo ajiandae, tunakwenda, na njia nzima mpaka Mpwapwa na kushuka Gulwe sikusema naye, si kwa hasira bali kwa woga. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwomba mzee msamaha na yote yalikuwa mepesi. Nilifikiria pia jambo lililokuwa baya zaidi: tukifika tukute tumechelewa.

Hatukuchelewa. Alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, amekonda, lile tumbo limebaki ngozi, lakini pengo lilikuwa palepale. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, na upole ule ndio uliozidi kuniogopesha, maana hakututukana. Majirani walikuwa wamesogea, wako uani kama wanaosubiri jambo. Watoto walisimama mbali nyuma ya ua wa miiba.

"Nionyesheni," akasema.

Pendo akamshikia simu. Mzee akatazama jitu lake likinguruma. Akalitazama likipigwa mishale. Lilipopasuka moshi, akangoja. Akaendelea kungoja, ameinamia kile kioo.

"Halafu?" akauliza.

"Basi, babu. Ameshakufa."

"Nimeona nimekufa. Nani kanizika?"

"Hazikwi, babu. Anapotea tu."

"Anapotea tu," mzee akarudia. Hakugusa habari ya macho wala ya kunguruma. Midomo yake ilianza kucheza, nikaona mtu mzima anajizuia kulia mbele ya watu. "Ndahani hakuniandika hivi. Ndahani aliniua kila kitabu, na kila kitabu akanipa mtu wa kunicheka kaburini. Yeye mwenyewe nilimzika hivyo. Mimi nani atanizika hivyo? Watani wangu wamekwisha hapa. Hawa wadogo ninapita wananyamaza." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Mgogo, umekuja kutoka mjini kunyamaza?"

Sijui nilisimama saa ngapi. Maneno yangu yote ya msamaha yalitoweka. Nikajikuta nimeshika kiuno kama Mbula wa kitabuni, napiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Wewe mzee mpagazi! Hata kufa kumekushinda! Unatoka moshi kama uji ulioungua? Nani akuzike, na hilo tumbo ulilokuwa nalo? Tungeazima tingatinga la reli kukuchimbia, na bado miguu ingebaki nje kama ya kitanda!"

Majirani wakageuka kumtazama mzee. Nikadhani nimeharibu. Kisha lile pengo likafunguka.

"Loo! Kumbe Ndahani aliacha mtoto! Miaka yote nilidhani ameacha mlenda!"

Yule mama wa kisimani ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa khanga, ikashindikana. Mzee akawageukia watoto kwenye ua wa miiba, akavimbisha mashavu yaliyobaki ngozi tupu. Wakakimbia wakipiga kelele, na zilikuwa kelele zilezile za utoto wetu. Muda si mrefu mmoja akarudi na tusi dogo la kujaribia. Mzee akamjibu, huku machozi yanamtiririka usoni, naye hakuyafuta.

Pendo alikaa naye mpaka jua likapungua, akirekodi sauti yake. Sasa katika gemu Mmezavisima anaongea, na macho ni meupe. Humshindi kwa mishale. Lazima umtanie, uchague neno la kumfungua kinywa. Na akifa kuna kaburi, na lazima mtu ashuke akiwa na kofia yake.

Mngedhani nimetulia. Juzi Pendo ameniambia kwa aibu kwamba wachezaji wengi hubonyeza kitufe cha kuruka mazishi, wanawahi hatua inayofuata. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma. Sisi hatukuwa na kitufe. Tulisimama juani na maiti yetu mpaka mtani amalize, na hakuna aliyetuuliza kama tuna haraka. Leo msiba ni ujumbe wa simu wenye alama za machozi, na utani wanauogopa kwa sababu hawajui ulikuwa unazuia nini.

Kwa hiyo mimi najifunza. Mwanamke mzima, jikoni Miyuji, nakoroga ugali huku naigiza kikohozi cha Mzee Mihayo na mwendo wake wa kuvuta mguu, maana nimemwahidi kwamba siku yake ikifika nitashuka kaburini mimi. Kila simu ikiingia kutoka Gulwe nadhani siku yake imefika. Naiweka sikioni, nasubiri. Halafu nasikia sauti kavu inasema, "Wewe ombaomba, bado hujafa?" na hapo ndipo napumua.