Disketi ya Nne

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo mjini Homa Bay, karibu na hospitali. Kompyuta ilikuwa moja, na mimi ndiye niliyeijua. Kujua kwenyewe! Kozi ya wiki tatu Kisumu, nikarudi nikijiona profesa.

Kaka yangu aliniletea disketi tano za mchezo wa magari. Jumamosi moja bosi akaenda mazishi Migori, nami nikafunga mlango nikaanza kuuingiza kwenye mashine. Disketi ya kwanza, ya pili, ya tatu, sawa. Ya nne ikakwama. Nikaipuliza, nikaipangusa kwa ncha ya leso, nikaanza upya. Ikakwama palepale, na maandishi yakatokea kwamba haiwezi kuendelea. Basi mimi profesa nikaamua mashine imejaa.

Nikaanza kufuta. Barua za mashamba, maombi ya kazi, ratiba za harambee, vyote nilidhani vilishachapwa na wenyewe wamechukua. Nilifuta bila kusoma, kwa hamu ya mchezo. Kisha nikauingiza mchezo tena tangu mwanzo. Ya nne ikakwama. Yawa! Disketi yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu.

Jumatatu akaja msichana wa Sindo. Nilimjua. Wiki mbili kabla alikuwa amemleta mama yake kutoka wodini, akimshika mkono. Mama alimwambia angoje nje, akaketi kando yangu, akanitajia maneno ya maisha yake yasomwe siku ya kumzika. "Shemeji zangu ni waongo," aliniambia. "Watanisifu kwa mambo sikufanya." Nilipomaliza kuyaandika kwenye kompyuta nikataka kuyatoa kwenye karatasi, akanizuia. Kwetu karatasi ya mazishi haitolewi mtu angali hai. Ni kukiita kifo. "Iache humo ndani," alisema. "Mtoto atakuja siku yake."

"Dada, mama ametuacha," msichana akasema. "Nimekuja kuchukua."

Nilitafuta nikijua nimefuta. Bosi akaita fundi, naye akasema labda angeyapata maneno yale, lakini nilipoingiza mchezo tena uliandikwa juu yao, ukayafuta kabisa. Nikamweleza msichana yote, nikilia mbele ya wateja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikaketi nikaandika niliyoyakumbuka: alikozaliwa, alivyoolewa, watoto aliowazika, miaka aliyokausha omena ufukweni. Ikatoka nusu ukurasa. Msichana aliisoma akiwa amesimama.

"Na mimi? Alisema nini juu yangu?"

Alisema. Nakumbuka mama alisema kwa muda mrefu, hata akajifuta macho kwa kanga. Lakini neno lenyewe silikumbuki hata moja. Macho yangu yalikuwa kwenye vitufe, nikiogopa kukosea herufi.

Niliona aibu kumwambia hivyo. "Alisema wewe ni mtoto mwema," nikamjibu. "Mtiifu."

Msichana aliikunja karatasi polepole, akaitia ndani ya mkoba.

"Mama hajawahi kuniita mtiifu hata siku moja," akasema. "Tulikuwa tunagombana kila asubuhi. Hata wewe sasa, dada, unaongea kama baba zangu wadogo."

Akatoka kwenda stendi kutafuta gari la Sindo.