Mama Alipousikia Wimbo wa Saba

Miezi ile tuliyokuwa tunarekodi albamu yetu ya pili sikuweza kukaa mahali pamoja. Kazini, kwenye kliniki ya meno pale Levolosi ambako napokea wagonjwa na simu, daktari alinikuta mara tatu katika asubuhi moja nimesimama dirishani. Akaniuliza kama kuna mtu namsubiri. Nilimwambia ndiyo, ingawa sikuwa namsubiri mtu. Nilikuwa natafuta mwisho wa wimbo.

Bendi yetu ina watu watatu. Tunapiga death metal yenye melodi: magitaa mawili yanaimba kama watu wanaopokezana maneno, drams zinakimbia chini yake, na juu ya vyote kuna mtu anayenguruma. Anayenguruma ni mimi. Watu hawaamini, kwa sababu sauti yangu ya kila siku ni ndogo, ya kumtuliza mtu mwenye jino bovu. Ile nyingine inatoka tumboni. Ukiitoa kooni utakaa wiki nzima bila kuongea. Ilinichukua miaka kujifunza hivyo, na koo liliniuma mara nyingi.

Mpiga gitaa anauza vitenge na kanga katika duka lililoanzishwa na babu yake aliyetoka Pangani. Magitaa yote mawili kwenye albamu ni yeye, anarekodi moja kisha anarudi kupiga jingine juu yake. Mpiga drams ni fundi magari, Mmeru, mwenye gereji Sakina kando ya barabara ya Nairobi. Nyuma ya gereji kuna chumba tulichokipigilia magodoro ya zamani ukutani na trei za mayai darini. Tuliamini kwamba mtu akiwa nje hasikii kitu.

Mama hakujua lolote. Kila Jumamosi nilimwambia naenda mazoezi. Yeye ameimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika tangu akiwa msichana Machame, kwa hiyo aliposikia neno mazoezi alielewa kwaya ya vijana huko mjini, nami sikumsahihisha. Alikuwa ananijazia chupa ya chai ya tangawizi kwa ajili ya koo. Niliinywa yote, na kwa kweli ilisaidia.

Tulikuwa na nyimbo nane. Wa saba ndio ulionisumbua. Ulikuwa unamhusu baba, ingawa haumtaji. Unasema juu ya mtu anayepanda Meru, na kila hatua inampunguzia hewa. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, na mapafu yake yalimshinda miaka mitatu iliyopita. Alifia nyumbani kwetu Ngaramtoni. Mama, aliyestaafu uuguzi, ndiye aliyemhudumia mpaka mwisho. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nilisema nafua, nilisema napika, nilisema simu inaita. Nilikuwa na sababu nyingi za kubaki chumba cha pili.

Wimbo ule tuliurekodi mara nyingi kuliko nyingine zote. Kila tulipousikiliza nilihisi kuna kitu kimekosewa, lakini sikuweza kukionyesha kwa kidole. Mpiga gitaa alianza kuniuliza kama ninataka albamu itoke au la.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tunaurudia tena. Nilikuwa nimefika ubeti wa tatu, nimefumba macho, pale mlango uliposukumwa kwa nguvu.

"Nani anaumia humu?"

Alikuwa mama. Mkoba wake ulikuwa umening'inia kwenye kiwiko, na kitenge cha begani alikuwa ameshakivua na kukikunja, kama mtu aliye tayari kufunga jeraha. Baadaye ndipo nilipojua kwamba breki za gari lake zilikuwa zinalia, jirani akamwelekeza kwa fundi mzuri Sakina, akapiga hodi pale gereji bila kujibiwa, kisha akasikia.

Fundi alisimama, vijiti vya drams bado mkononi. "Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema bila kumtazama. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa, mama," nikasema. "Ni mimi. Nilikuwa naimba."

Aliitazama maiki, akayatazama magodoro ukutani, akaitazama chupa yake ya chai juu ya spika.

"Rudia nisikie."

Nilitamani sakafu inimeze. Niliurudia mstari mmoja, sauti ikatoka mbovu na fupi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alikirudisha kitenge begani, akamgeukia fundi.

"Breki zinalia. Za mbele."

Akatoka.

Siku nne zilizofuata hakusema neno juu ya jambo lile. Alipika, aliomba kabla ya kula, alinikumbusha kuanua nguo kwa sababu ukungu wa mlimani ulikuwa unashuka mapema. Ningefurahi kama angenigombeza. Nilianza kushuka kituo cha Sakina na kumalizia njia kwa miguu mpaka nyumbani, katika baridi ile ya mwezi wa saba, ili tu nichelewe kufika. Nilipofika sikuweza kuketi. Nilifagia palipokwisha kufagiwa.

Nilimwambia mpiga gitaa tuutoe wimbo wa saba, albamu ibaki na nyimbo saba.

"Mama amesema uutoe?" aliuliza.

"Hajasema chochote."

"Basi subiri aseme."

Kusubiri ndicho kitu nisichokijua kabisa.

Siku ya tano nilitoka kazini mapema. Mama alikuwa anachambua maharage mezani, nami nikakaa nimsaidie, kwa kuwa mikono yangu ilihitaji kazi.

"Ule wimbo ni wa baba yako," alisema.

"Umejuaje? Hautaji jina lake."

"Sikusikia maneno. Nani atasikia maneno pale?" Alitupa kijiwe pembeni. "Nilisikia pumzi. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na kila mtu ana pumzi yake ya mwisho mwisho. Ile ilikuwa ya baba yako. Nilisimama pale gereji nikasema, ni yeye. Miguu ilikwenda kabla ya akili."

Miaka yote nilidhani sauti ile nimeitafuta mwenyewe, kwa mazoezi, kwa kusikiliza bendi za watu wa mbali. Nilidhani nikiwa chumba cha pili sikusikia.

"Nitautoa," nikasema.

"Sijakwambia uutoe. Nipe niusikie wote."

Nilimpa simu na hedifoni. Akatoka nazo kwenda shambani nyuma ya nyumba, kwenye migomba na kahawa chache alizopanda baba. Nilimwangalia kwa dirisha la jikoni. Alitembea kidogo, akasimama, akainama kung'oa magugu, akasimama tena. Wimbo ni wa dakika sita. Yeye alikaa huko mpaka maji niliyobandika yakachemka, nikaipua, yakapoa. Nilizunguka meza. Nilifungua jokofu nikalifunga bila kutoa kitu.

Aliporudi miguu yake ilikuwa na udongo.

"Kelele ni nyingi mno," alisema. "Lakini yale magitaa yanajua kuimba. Lile la chini linashika sauti yake vizuri, halimfuati mwenzake."

"Nitamwambia."

"Ila kuna mahali mmekosea." Alivuta kiti akakaa. "Mwishoni baba yako hakuwa anapumua mfululizo. Alikuwa anakata. Ananyamaza kabisa, mimi nimeshika mkono wake, nasema basi, amekwenda. Halafu anarudi. Ninyi hamnyamazi. Mnakimbia tu."

"Alikuwa ananyamaza kwa muda gani?"

Alifikiri. "Muda wa mtu kusahau alichokuwa anafanya."

Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Na kwaya?"

"Hakuna kwaya, mama."

"Tangu lini?"

"Haijawahi kuwepo."

Alitikisa kichwa polepole. "Na chai yangu umekuwa ukiimwaga?"

"Nilikuwa nainywa. Yote."

"Haya," alisema, akarudi kwenye maharage.

Jumamosi nilimweleza fundi kwamba baada ya ubeti wa tatu kila kitu kinyamaze. Ilikuwa kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Mara ya kwanza aliingia mapema, mara ya pili pia, na mara ya sita aliweka vijiti chini akajifuta mikono kwa kitambaa cha grisi.

"Sisi mafundi kitu kikinyamaza tunajua kimeharibika," alisema. "Mikono yangu inataka kukiwasha."

"Usihesabu," mpiga gitaa alimwambia. "Mwangalie yeye. Akivuta pumzi, ingia."

Basi wakaniangalia. Nilisimama mbele ya maiki katika kimya kile, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilibaki pale nilipo. Nilimwona baba. Sikumwona kwenye kitanda cha ugonjwa. Alikuwa anachora mito ya Tanzania kwenye gunia la kutundika darasani, na analalamika kwamba kalamu imekauka. Nilipovuta pumzi, ilikuja yenyewe. Fundi akaingia nami. Hatukuurudia.

Albamu tuliipandisha mtandaoni Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa mapokezi, mgonjwa mmoja akinitazama ameshika shavu. Ujumbe ulianza kuja mchana, mwingi kutoka nchi ambazo sijawahi kukutana na mtu wa huko hata mmoja. Mmoja aliandika kwa upole kwamba wimbo wa saba una kasoro, faili limekatika katikati, turekebishe. Mpiga gitaa alinipigia kutoka dukani akicheka mpaka nikasikia mteja anamuuliza ana nini.

Habari zilifika Ngaramtoni pia. Siku ya soko mwanamke mmoja wa kwaya alimuuliza mama kama ni kweli binti yake anapiga kelele kama mtu mwenye mapepo.

"Anaimba," mama alimjibu. "Mahali alipokosea nimemsahihisha mwenyewe." Aliniambia hayo huku akipanga nyanya kwenye bakuli, bila kutabasamu. Hajaanza kuupenda muziki wetu. Nikiuweka jikoni anauzima.

Tumeombwa kupiga Jumamosi hii mbele ya watu, katika ukumbi mdogo mjini. Fundi anataka tuuache wimbo wa saba. Anasema watu watapiga makofi katikati ya kimya, au mtu atakohoa, na yeye atashindwa kujizuia. Mimi sijui. Tumebishana juu yake wiki nzima. Jana mama aliniuliza tunaanza saa ngapi. Nilimwambia saa tisa. Akasema sawa, na kwamba atakuja na kiti chake, kwa sababu magoti hayamruhusu kusimama. Nilivaa viatu, nikatoka, nikatembea mpaka Sakina na kurudi, bila shughuli yoyote kule.