Waya Usio na Karatasi

Fundi Waya ndiye aliyeunga kebo ya kwanza ya intaneti nchini, na kila waya aliubandika karatasi yenye mwandiko wake. Miaka thelathini baadaye, katika chumba kilekile cha mitambo, akakuta waya mnene hauna karatasi. Umetoboa ukuta ukaingia ofisi waliyopewa wageni wa taifa kubwa.

"Huo hujauona, mzee wangu," bosi wake akamwambia.

Hajauona! Hasira zikampanda. Akampigia mkewe simu palepale, kwa intaneti kama kawaida yake.

"Wale wageni wanatusikiliza nchi nzima!"

"Nyamaza, baba watoto, naogopa," mkewe akanong'ona.

Asubuhi bosi alimpokea mlangoni, anatabasamu.

"Mama watoto ameamkaje? Mwambie asiogope."