Saa za Foleni Ambazo Kilomita Hazikuziona

Siku ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa ndoo ya mchanga na fagio. Ilikuwa yadi ya kampuni ya usafirishaji hapa Tunduma, kando ya barabara kuu, na Fundi Mkuu aliniambia kazi yangu ni kumwaga mchanga popote oili itakapodondoka, kuusugua, kisha kuuzoa kabla mtu hajateleza. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Mama alikufa, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, na nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu watatu, Nestori, Lidia na Elia.

Baba mdogo, aliyekuwa mkulima kule Ndalambo, alitaka kuwagawa, mmoja kwake, mmoja kwa shangazi, mmoja kwa ndugu zetu wa Mbozi. Nilimwomba aniache nijaribu kuwalea mwenyewe.

"Jaribu," alisema. "Ila siku kazi ikikushinda, Yusta, nitakuja kuwachukua, na tusibishane."

Nilifagia yadi ile mwaka mzima. Kisha asubuhi moja Fundi Mkuu akasimama mbele yangu. Alikuwa mtu wa Morogoro, mwembamba, kofia yake ya sala ikiwa safi hata saa kumi jioni, wakati sisi wengine tumekuwa weusi hadi masikioni.

"Binti, unaogopa shimo?"

"Siogopi, mzee."

"Shuka basi. Na usishike kitu kabla hujaniuliza kinaitwaje."

Shimo ni handaki lililojengwa kwa saruji, gari linapita juu yake na fundi anasimama chini. Humo ndimo nilimojifunza kufungua nati ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kukinga oili chafu, kubadili filta na kupima kwa kile kijiti chenye alama mbili. Fundi Mkuu alinifundisha kusugua oili kwa vidole na kuinusa. Ikinuka dizeli, kuna mafuta yanayoshuka sampo. Ikikwaruza, kuna chuma kinacholika.

Ninyi mnaoanza sasa mnakuta maduka yamejaa magaloni ya kila rangi. Yeye alikuwa akisema, "Soma mgongo wa galoni, picha ya mbele imewekwa kwa ajili ya mnunuzi." Mgongoni kuna namba mbili. Ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili inaeleza unene wake injini ikishapata moto. Huku kwetu asubuhi za Juni ukipumua unatoa mvuke, kwa hiyo oili nzito kupita kiasi inachelewa kupanda. Pia kuna herufi za daraja, zinazosema oili hiyo imetengenezwa kwa injini ya aina gani. Vyote hivyo unavilinganisha na kitabu cha gari. Jirani yako anajua gari lake, hajui la kwako.

Gari lenye turbo ndilo linalodai uangalifu huo zaidi. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa ekzosi unaisukuma feni ya kwanza, na ya pili inashindilia hewa ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Shafti hiyo inazunguka kwa kasi kubwa sana, tena jirani na moto, na kitu pekee kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana au ikiungua, turbo imekwisha.

Nilikuwa na mwaka wa nne shimoni turbo ya pikapu moja ilipokufa. Pikapu hiyo ilikuwa ya kazi za nyaraka za mpakani, na dereva wake alikuwa Idi, kijana wa Tanga. Ilirudi yadini ikitoa moshi wa bluu na kupiga filimbi. Tulipofungua sampo, ikatoka oili nyeusi na nzito kama lami. Kadi ya matengenezo ya gari hilo ilionyesha kwamba niliibadili miezi mitatu na kidogo nyuma, na tangu hapo gari lilikuwa limetembea kilomita elfu tatu tu. Kitabu kiliruhusu elfu tano.

Meneja wa Yadi hakuhitaji muda wa kufikiri. Alisema binti ameuza galoni ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akaacha oili ya zamani ndani, akatia saini kadi. Nikasimamishwa kazi siku hiyohiyo, Jumatatu, nikisubiri taarifa ya Fundi Mkuu siku ya Ijumaa.

Nikiwa natoka, mchomeleaji mmoja akaniita kwa sauti ili wote wasikie.

"Dada Yusta! Naona kitenge kipya. Hicho si cha oili hicho?"

"Kitenge hiki nilikuwa nacho kabla wewe hujaajiriwa," nilimjibu. Watu wakacheka, nami nikatoka getini.

Habari husafiri na magari ya abiria. Jumatano nikapata ujumbe kwamba baba mdogo anakuja Ijumaa. Sikuwaambia wadogo zangu anakuja kufanya nini. Jioni hiyo nilikwenda kwa Fundi Mkuu, nikamkuta anafunga karakana.

"Ulibadili oili?" aliniuliza.

"Nilibadili, mzee."

"Na filta?"

"Na filta."

"Kwa nini basi oili imekuwa lami?"

"Sijui."

"Sijui haitakusaidia, binti."

Ndipo nikamwomba kitu kimoja. Pikapu ilikuwa imefungwa turbo nyingine na kurudishwa kazini. Nilitaka kukaa ndani yake siku nzima, nione inaishi vipi. Alinitazama, akavua saa yake ya mkononi, akanipa.

Alhamisi saa moja asubuhi nilipanda. Idi akacheka aliponiona na daftari.

"Sista, leo utaongea au utaandika?"

"Nitaandika."

"Vizuri. Kuongea niachie mimi."

Na kweli aliongea kutwa. Mimi niliandika injini inapowashwa na inapozimwa. Kulikuwa na baridi, kwa hiyo Idi aliiacha ikiunguruma ili hita ifanye kazi. Afisa wa nyaraka alikaa kiti cha mbele akijaza fomu zake, akashuka, akarudi. Foleni ya malori ilisogea hatua kumi, ikasimama saa nzima, ikasogea tena. Madereva wa Zambia waliokuwa wakipita walimsalimu Idi, "Mulishani!" naye akawajibu kwa Kibemba cha kubahatisha mpaka wakacheka. Mchana jua likawa kali, akawasha kiyoyozi. Injini haikupumzika. Mara moja tu tulitoka mjini, tukaenda hadi Mpemba kufuata mhuri, na kwa kuwa tulichelewa, Idi alikanyaga mafuta njia nzima ya kurudi.

Tulipofika getini gari likiwa moto vile, mlinzi akainua mkono. "Zima!"

Idi akazima palepale. Mlinzi akaanza kukagua tangi.

"Ndivyo kila siku?" nikamwuliza.

"Amri ya Meneja, kwa sababu ya wizi wa dizeli. Ukichelewa kuzima unaandikwa."

Nilitazama daftari. Injini ilikuwa imefanya kazi saa tisa. Kwenye dashibodi, gari lilikuwa limetembea kilomita ishirini na tisa. Nikaelewa kilichotokea, na nikaelewa pia kwamba nitalazimika kukisema mbele ya Meneja.

Ijumaa ofisini nilisimama, Meneja na Fundi Mkuu wameketi. Nilisema kwamba kilomita hazihesabu foleni. Injini inayounguruma gari limesimama inajaza oili masizi na dizeli, hata kama dashibodi haisogei. Nikasema turbo ikitoka kwenye mbio ni lazima injini iachwe dakika mbili hivi, oili iendelee kupita na kuipoza shafti. Ukiizima ghafla, oili iliyobaki mle inaungua na kuwa makaa.

Meneja akaegemea kiti. "Kwa hiyo nani ameua turbo?"

"Sijamtaja mtu, Meneja. Nimesema injini ilizimwa ikiwa bado ya moto."

"Na nani aliamuru izimwe?"

Nilimtazama Fundi Mkuu. Akasema, "Jibu, binti."

"Ni wewe, Meneja."

Fundi Mkuu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibomba chembamba kilichokuwa kikipeleka oili kwenye turbo iliyokufa, akakiweka mdomoni na kupuliza. Hewa haikupita. Akakisogeza mbele ya Meneja.

"Makaa," alisema. "Na filta niliyoitoa ina tarehe ileile ya kwenye kadi, kwa mwandiko wake. Oili ilibadilishwa."

Meneja alikigeuzageuza kile kibomba kwa muda mrefu. Hakuniomba radhi. Alisema tu, "Magari yenye turbo yasizimwe getini. Na huyu aingie kazini Jumatatu."

Nje nilimwuliza Fundi Mkuu alijua tangu lini habari ya filta. Akasema tangu Jumatatu. Nikashikwa na hasira.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungerudi shimoni bila kujua turbo imeuawa na nini. Ingekufa nyingine, na safari hiyo nisingekuwa na la kukutetea."

Nyumbani nilimkuta baba mdogo uani. Nguo za Lidia na Elia zilikuwa tayari kwenye kiroba, na Nestori amekaa juu yake, amekataa kuondoka.

"Wamesemaje?" baba mdogo akauliza.

"Jumatatu naingia kazini."

Akamwambia Nestori, "Ondoka hapo juu ya nguo za wenzako." Akanigeukia. "Basi nipikieni, nimetoka mbali."

Tangu wiki ile tuliandika mambo mawili kwenye kadi za magari yenye turbo, kilomita elfu tano au saa mia mbili za injini, kinachotangulia. Nilikwenda na utaratibu huo Saza, nilikohamishiwa kuhudumia magari ya machimboni, na huko tulipunguza hata saa hizo kwa sababu ya vumbi. Nilikwenda nao Vwawa, ambako Msimamizi wa Karakana aliniachia vijana sita niwafundishe. Kitabu cha gari chenyewe kina majedwali mawili, la kazi ya kawaida na la kazi ngumu. Watu hupenda kusoma la kwanza. Mpaka wetu huu, kwa foleni zake na baridi yake, ni kazi ngumu.

Nimestaafu sasa. Magoti yanauma kwa sababu ya ngazi za shimo, na harufu ya oili haijatoka kwenye kucha zangu. Nestori anaendesha lori, anapita hapa akielekea Lusaka. Lidia ni mwalimu Mbozi. Elia ameoa Mbeya. Nyumba imebaki na mimi peke yangu, na wageni wakiniuliza kama sioni upweke, ninawaambia sioni. Kila mmoja wa wadogo zangu aliondoka hapa siku aliyoichagua mwenyewe.