Dawa ya Kusimama

Ni Jumapili asubuhi. Chai haijachemka bado. Dobi anameza kidonge chake kwa glasi ya maji matupu, kisha anasimama nyuma ya meza ya pasi na kuanza kunyoosha kola za mashati ya watu. Dada yake amekaa mlangoni, anamchunga kama mfungwa.

"Usiiname, mdogo wangu. Usilale. Hata kuegemea, marufuku."

"Daktari hakukataza kuegemea, dada."

"Nimekataza mimi."

Wateja humwita dobi huyu Mama Mikunjo, maana hakuna mkunjo unaompita. Figo zake zilipogoma, dada huyu alimpa moja ya zake. "Nimemwazima tu," hutania. "Akiniudhi naidai."

Figo ilishika. Lakini miongoni mwa dawa za kuufanya mwili uipokee, imo inayokula mifupa kimyakimya, na mifupa yenyewe ilishadhoofishwa na ugonjwa. Siku moja aliinua beseni la nguo mbichi, mkono ukalia kah! kama kijiti kikavu.

Daktari akampa kidonge cha kila wiki, cha kuzuia mifupa isizidi kuliwa. Akamkataza kubeba uzito, hata mjukuu wake.

"Analia nimbebe," anasema dobi. "Nakaa sakafuni, ananipanda mwenyewe kama ngazi."

Mwaka ulipopita akapimwa tena. Mifupa ilikuwa imepungua zaidi. Daktari akashangaa, akamuuliza kidonge anakimeza vipi.

"Kwa maziwa. Ya moto, ananiletea dada."

Nani asiyejua kwamba maziwa hujenga mfupa? Dada alikuwa akidamka kuyafuata, anamjazia kikombe hadi ukingoni. Kumbe maziwa yalikuwa yakikinasa kidonge tumboni, kinatoka kama kilivyoingia.

Dada alilia palepale mbele ya daktari. "Mkono huu umempa figo, na mkono huuhuu umemnyang'anya mifupa!"

"Nilimwambia dada maziwa yake hayana kosa. Yaliwahi tu, hayakungoja zamu," anasimulia dobi.

Siku hizi ni maji matupu kwanza, tumbo likiwa tupu, kisha nusu saa bila kulala, kidonge kisije kikamchoma koo. Maziwa ni mchana. Daktari alisema hata kukaa wima kunatosha, lakini dada hataki kusikia. Ndiyo maana nyumbani wanakiita dawa ya kusimama.

Kipimo kingine ni mwezi ujao. Dobi hafichi anachokingojea.

"Nataka nimnyanyue mjukuu wangu kutoka chini, kwa mikono yangu hii. Naogopa tu, kila siku anazidi kuwa mzito."

"Basi tumpunguzie uji," anadakia dada.

Dobi anacheka mpaka anaweka pasi pembeni.

"Mwache ale, dada. Yeye na mifupa yangu, acha wakimbizane."