Gari Zito kwenye Uwanja wa Chisense

Gari la kwanza nililolichezesha lilikuwa pikapu ya bosi mmoja wa samaki, aliyenituma Mwansabombwe na Kafutuma kukusanya mizigo. Nyuma ilikuwa nyepesi kama sanduku tupu. Msimu wa mvua, ukikanyaga mafuta katikati ya kona, mkia ulitoka wenyewe. Ulivuta breki ya mkono, ukageuza usukani kidogo, nayo ikanyooka. Nikaamini kwamba ninajua kuserereka. Niliacha shule mapema, na tangu hapo mambo mengi niliyajua kwa njia hiyo: nilishika kitu, kikanitii au kikaniangusha, nami nikahamia kingine.

Mwaka ule vita vilipoanza tena upande wa Kongo nilikuwa Nchelenge, upande wetu wa ziwa. Pikapu nilishaiacha, nikawa naendesha boti za watu kwenda kisiwa cha Chisenga na kurudi, mkono mmoja kwenye mpini wa injini kuanzia asubuhi hadi jioni. Desemba ziwa likafungwa ili samaki wazae. Boti zikavutwa mchangani, na mimi nikabaki kuzurura. Ndipo nikakutana na mfanyabiashara mmoja aliyevuka kutoka Kongo. Nilimwita Papa, kama Wakongo wanavyomwita mwanamume yeyote aliyewazidi umri.

Kazi yake ilikuwa ya majini. Alipeleka chumvi na sabuni, akarudi na samaki. Askari walichukua boti yake, na kitu pekee alichookoa ni gari aliloletewa na dereva kwa njia ndefu ya Lubumbashi, likavuka mto Luapula kwa pantoni. Lilikuwa gari la Kijerumani la milango miwili, silinda sita, boneti ndefu, usukani kushoto, na nguvu zote zilikwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Alilinunua miaka ya neema. Sasa lilisimama nje ya nyumba ya shemeji yake likioga vumbi, na kuku wakalala chini yake mchana.

Papa alitaka boti kabla ziwa halijafunguliwa Machi. Bila boti, wateja wake wangechukuliwa na wengine, na yeye angeendelea kula mezani kwa shemeji, jambo ambalo lilimnyamazisha kila wakati wa chakula. Na palikuwa na mtu mmoja tu Nchelenge mwenye boti nzuri na injini nzima aliyekuwa tayari kubadilishana kwa gari la namna ile. Alikuwa mzee mwuza samaki ambaye ujanani alifanya kazi migodini Copperbelt. Huko, Jumapili, aliona vijana wakizungusha magari kuzunguka pipa kwenye uwanja wa mgodi, na hakusahau.

"Mi sitaki gari ya kwenda kanisa," alimwambia Papa. "Nione inacheza. Halafu mi mwenyewe niicheze. Ikinikubali, boti ni yako."

Papa angelichezesha mwenyewe, kwani alijua sana, lakini aliteleza kwenye mbao za kushukia boti na goti lake la kushoto likavimba. Hakuweza kukanyaga klachi. Nikajitolea, nikamsimulia habari za pikapu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Bon," alisema. "Tutaona."

Mahali tulipopata ni uwanja wa kuanikia chisense, wale samaki wadogo wa hapa wanaotandazwa juani kama nafaka. Ziwa likifungwa uwanja hubaki mtupu, na mvua huufanya mchanga kuwa mgumu kama sakafu. Lakini kila kipande kina mwenyewe. Mama mmoja mnene, aliyewasemea wanawake wote wa uwanja, alikuja kulikagua gari kwanza. Aliinama, akatazama chini ya injini.

"Chezeni," alisema. "Lakini tone moja la oili kwenye mchanga wangu, chisense wa kwanza mtakula ninyi. Wote."

"Ndiyo, bamayo," nikajibu.

"Na huyu ndiye dereva?" akamuuliza Papa. "Si ndiye aliyegonga gati na boti ya mwalimu?"

"Ni yeye," Papa akasema. "Njo maana nimemuleta mahali hapana gati."

Tukasimamisha pipa katikati. Papa akaketi kulia kwangu, mguu ameunyoosha, fimbo kati ya magoti. Niliingia kwa gia ya pili, nikakata kushoto kulizunguka pipa, nikakanyaga mafuta kama nilivyozoea. Hakuna kilichotokea. Nikaongeza. Ghafla mkia wote ukaondoka kwenda kulia, mzito, bila haraka, kama ng'ombe anayegeuka mlangoni, na nilipogundua kwamba hausimami tulikuwa tumeshageuka kinyume na kutazama tulikotoka. Injini ikazima. Mama wa uwanja alikuwa akimenya karanga kwenye kivuli cha kibanda chake, na hakuacha kumenya.

"Hii si pikapu," Papa alisema kwa upole. "Ile kilo yote ya nyuma, ukiiita, inachelewa kuya. Na ukiifukuza, inachelewa kuenda. Umeongeza mafuta kabla haiyafika."

Hilo nililielewa upesi, kwa sababu boti yenye shehena ni hivyo hivyo: unazima injini mbali na ufuko, nayo bado inakuja. Nikajifunza kuita mkia kwa mafuta machache na kusubiri. Nikajifunza kurudisha usukani mapema, kabla mkia haujamaliza kutoka, na kuunyoosha mapema tena, la sivyo gari lilijitupa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Mguu ulielewa. Sikio nalo lilielewa, maana silinda sita zilibadilisha sauti kidogo kabla matairi hayajaachia. Lakini mikono yangu haikuelewa. Kila mara gari lilipoanza kweli kuserereka nami nikashtuka, mkia ukiwa kulia, nilipaswa kugeuza usukani kulia. Mikono ikaupeleka kushoto. Tukazunguka, injini ikazima. Siku baada ya siku.

"Lakini unajua ni kuume," Papa alisema.

"Najua, Papa."

"Basi nani anageuza?"

Wakati wa pikapu hili halikunitokea kamwe. Asubuhi moja, Papa akiwa bado anakunywa chai, nilikwenda kuketi ndani ya gari likiwa limezimwa. Nilifumba macho, nikajifanya mkia umetoka kulia, nikaiacha mikono ifanye inavyotaka. Ikasukuma kushoto. Nikafumbua macho nikautazama mkono wangu, nikaona kwamba ulikuwa umekunjwa kama unashika mpini. Kwenye injini ya boti, ukitaka pua iende kulia unasukuma mpini kushoto. Miezi yote ile ya Chisenga ilikuwa imeingia mkononi, na nikishtuka ndiyo iliyoamka.

Niliendelea kukaa pale, nikiuchezea usukani bila lengo. Nikaushika juu, nikaushika pembeni, kisha nikaushika chini kabisa, karibu na mapaja. Ukiushika chini na kusukuma mkono kushoto, usukani wenyewe unageuka kulia. Nikarudia, polepole. Chini ya duara, usukani ulikuwa mpini.

"Si vile batu banashika usukani," Papa alisema nilipomwonyesha.

"Tujaribu tu."

Tulijaribu. Mkia ulitoka, nikashtuka kama kawaida, mkono ukasukuma kushoto, na pua ikatazama kulia kama ilivyotakiwa. Pipa likabaki pale pale dirishani upande wangu, likigeuka taratibu, na sisi tukalizunguka kwa ubavu hadi mchanga wa mwanzo ukatupita chini. Papa aliweka fimbo yake chini, kwa mara ya kwanza, akashika mpini wa mlango kwa mkono mmoja tu.

Mwenye boti alipokuja, alivaa koti la Jumapili. Nilimzungushia pipa kushoto na kulia, safi, na akatazama bila kutabasamu.

"Wewe umekaa nalo mwezi," akaniambia. "Sasa mimi."

Papa akatoka, akasimama kando akiegemea fimbo. Mimi nikahamia kiti chake. Mzee aliingia vizuri, akangojea mkia kwa subira kuliko nilivyowahi mimi, ukatoka, na mikono yake ikaupeleka usukani kushoto. Tukazunguka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu injini ilipozima aliachia usukani, akafuta shingo.

"Halinitaki," alisema. "Basi."

Nilimwona Papa kupitia kioo, hasogei. Alikuwa amesikia, na kwake neno hilo basi lilimaanisha hakuna boti.

"Bashikulu," nikamwita mzee kwa heshima, "umeendesha boti miaka mingapi?"

"Kabla hujazaliwa."

"Basi shika usukani hapa chini. Mkono mmoja. Sahau kama ni gari. Mkia ukitoka, fanya kama unavyofanya na injini, usifikiri."

Alinitazama kana kwamba ninamtania. Kisha akashika chini, kidole gumba juu ya ukingo kama ninavyowaona wote wa ziwani. Akaingia, akakata, akasubiri. Mkia ukatoka. Mkono wake mkongwe ukasukuma, bila haraka, na gari likatulia ndani ya mserereko, likaenda hivyo nusu ya mzunguko mzuri kabisa kabla hajaachia mafuta kwa kucheka.

"Kumbe ni boti," alisema.

"Nzito," nikamwambia. "Nyoosha mapema."

Alilizungusha tena hadi mama wa uwanja akapaza sauti kwamba inatosha, mchanga wake unakuwa shamba. Aliposhuka hakulitazama gari, alimtazama Papa, akaelekeza kidevu ufukweni.

Tulishuka wote watatu. Papa alikataa kusaidiwa. Aliingia ndani ya maji na viatu vyake, akashika ukingo wa boti, akajiinua kwa mikono hadi akaketi nyuma. Akafungua kifuniko cha tangi la mafuta, akanusa, akakifunga.

"Inawaka ikiwa baridi?" akauliza.

"Vuta," mwenye boti akasema.

Papa akavuta kamba mara moja. Ikawaka.